Shemeji na Sponji ya Mlangoni

Shemeji yangu ni fundi kamera, na kama hujawahi kukaa chumba kimoja na fundi kamera, mshukuru Mungu wako. Sizungumzii kamera za siku hizi zinazokaa ndani ya simu. Nazungumzia kamera za filamu, zile nzito za chuma zenye mgongo unaofunguka kama mlango, ambazo watu wengi wamezitupa juu ya kabati na kuzisahau. Yeye hajazisahau. Ana miaka thelathini na moja katika kazi hiyo, na kwa ajili yake amesahau mengine mengi, ikiwemo siku dada yangu alipojifungua mtoto wao wa pili.

Mimi ni fundi cherehani. Tunagawana chumba cha mbele cha nyumba ya dada: meza yake iko dirishani, cherehani yangu iko mlangoni. Dada, ambaye ndiye mke wake, anakaa upande wa nyuma na hupita kutukagua kila anapojisikia. Katikati ya chumba kuna mstari wa chaki. Niliuchora mimi mwenyewe, asubuhi niliyomkuta Shemeji amejifunika uso kwa mahameli ya mteja wangu, amesimama dirishani, anatazama jua. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, bila kuitoa mahameli usoni, kwamba anaangalia kama linapita.

Mtaani wanamwita Mzee Giza. Yeye hilo jina halimkeri, maana ndiyo kazi yenyewe. Kamera ya filamu ni kisanduku cha giza tu. Mwanga ukiingia pasipotakiwa, filamu imekwisha. Kwa hiyo waliozitengeneza walibandika sponji nyembamba nyeusi kwenye kingo za ule mlango wa nyuma, ili ukifungwa pasibaki hata upenyo wa unywele. Tatizo ni kwamba sponji hiyo haina maisha. Miaka ikipita inaoza, inageuka ujiuji mweusi unaonata, na ukiigusa unatembea na vidole vyeusi siku mbili. Ukipiga picha na kamera ya namna hiyo, kila picha inatoka na mstari mweupe umeipasua.

Sponji mpya za kamera kwetu haziuzwi. Duka la mwisho lililokuwa nazo sasa linauza mapazia. Basi Shemeji anatafuta. Akiingia nyumba ya watu, kabla hajaketi ameshaminya mto wa kiti. Akisalimiana na mtu aliyevaa kofia, mkono mmoja unasalimia na mwingine unapapasa kofia. Na ukimpa kamera hakukaribishi wala hakuulizi habari za nyumbani. Anaigeuza papo hapo, kidole gumba kinavuta kitasa, mlango unafunguka, na anaingiza pua kunusa. Anadai sponji iliyooza ina harufu yake. Nimekaa naye miaka kumi na nne na sijamwona akimsalimia kwanza mtu aliyeleta kamera.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya mwalimu mkuu mstaafu. Mzee huyo alisafiri kwenda kumwona kaka yake ambaye hawakuwa wameonana miaka ishirini, akaenda na kamera ambayo Shemeji alikuwa ameiwekea sponji ya soli ya kiatu. Picha zilitoka ishirini na nne. Katika kila moja, mstari mweupe ulipita barabara kwenye shingo ya kaka mtu. Mwalimu hakugombana. Alizipanga picha kwenye bahasha, akaanza kupita duka kwa duka, anawaonyesha watu na kusema kwa sauti ya darasani, "Mzee Giza amemchinja kaka yangu mara ishirini na nne."

Dada alikutana na habari hizo kwa muuza mkate. Alirudi na mkate umepondeka kwapani. Akasimama katikati ya chumba, akiukanyaga mstari wangu wa chaki, akasema na mumewe bila kupandisha sauti, na hapo ndipo nilipojua amekasirika kweli.

"Nimechoka kusemwa. Nakupa kamera moja. Ikivuja hiyo, meza inatoka dirishani, nampa jirani auzie vifuniko vyake vya simu. Mdogo wangu hapa ni shahidi."

"Sawa," alisema Shemeji.

"Umenisikia lakini?"

"Nimekusikia mke wangu. Isipovuja?"

"Isipovuja sitasema tena."

Jirani muuza vifuniko alikuja siku hiyohiyo na futi, akaupima ukuta wetu. Ni mama mmoja mwenye adabu sana. Alimwomba Shemeji radhi, akamwomba pia ampishe kidogo apime nyuma ya kiti chake. Shemeji akampisha, akamshikia ncha ya futi. Nampigia kelele kila siku, lakini nasema kweli, roho iliniuma. Mtu huyu ukimwondolea meza ile hana kingine cha kuamkia. Hachezi bao, hapendi redio, na maongezi yake yote yanaishia kwenye sponji.

Kamera hiyo moja ililetwa na Bibi Mkunga. Ni mama wa umri mkubwa, mstaafu, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alifanya kazi wodi ya wazazi miaka thelathini na kitu, na kila mtoto aliyezaliwa kwenye zamu yake alimpiga picha moja akampa mama yake. Ukiingia nyumba za mtaa huu utaziona ukutani, watoto wamekunja sura kama wameamshwa kudaiwa. Yeye mwenyewe hakubaki na hata moja.

Alipoweka kamera mezani, Shemeji akaifungua, akanusa, akatoa pua nyeusi.

"Imekufa," akasema.

"Najua imekufa, ndiyo maana nimekuletea," alisema Bibi. "Sikiliza, Fundi. Mjukuu wangu ana mimba ya kwanza, miezi minane. Nimepiga watoto wa watu maisha yangu yote. Sasa nataka kumpiga wa kwangu, na nataka nimpige na hii. Nina filamu moja. Imekaa kwenye friji miaka sita, na nyingine sijui itatoka wapi."

"Kuna simu, Bibi," nilisema mimi, nikidhani nasaidia. Wote wawili walinitazama kana kwamba nimetukana. Nikarudi kwenye pindo langu.

Shemeji alianza siku hiyohiyo. Alikwangua ule ujiuji kwa kijiti na spiriti, ukingo mmoja baada ya mwingine, ulimi nje. Chuma kilipong'aa akaja mpaka kwenye mstari wa chaki, akasimama, akajikuna kichwa, akatazama dari.

"Shemeji," akaanza. "Ile sponji unayoshonea zile... yale magauni. Ile inayokaa... pale mbele."

"Mbele wapi?"

"Mbele ya gauni."

Nilimwelewa tangu mwanzo. Sponji ya kifuani, ya kutia kwenye sidiria na magauni ya sherehe, ninayo mfuko mzima. Lakini miaka kumi na nne ya kuibiwa vitambaa si midogo, na sikuona sababu ya kumrahisishia. Nikamwambia gauni lina mambo mengi mbele: vifungo, shingo, marinda. Alitoka jasho. Mwishowe alichora hewani kwa mikono miwili, hapohapo Dada akatokea mlangoni na chai. Dada alitazama ile mikono, akanitazama mimi, akaweka chai chini na kurudi alikotoka. Nikampa sponji upesi kabla hatujaharibiana nyumba.

Ilikuwa nyembamba na laini, kasoro yake ni weupe. Akaichovya kwenye wino wa mihuri, akaianika kwenye kamba yangu ya nguo. Ilipokauka akaibandika, na lazima niseme ilikaa vizuri. Kupima, Shemeji haharibu filamu. Ana boksi la zamani la karatasi za kuchapia picha, ambazo nazo hazitaki mwanga. Anakata kipande, anakifungia ndani ya kamera akiwa stoo aliyoigeuza chumba chake cha giza, anaiweka kamera dirishani ilambwe na jua asubuhi nzima, kisha anaenda kukiosha kipande chake kwenye dawa. Kikitoka cheusi au cha kijivu, mwanga umepita. Kikitoka cheupe, salama. Kilitoka cheupe. Akamwita Bibi.

Bibi aliishika kamera, akaikandamiza usoni kama anavyofanya siku zote, akamlenga Dada, akanilenga mimi, akalenga hadi jirani aliyekuwa amekuja kupima tena. Akaomba aende nayo nyumbani akaizoeze mikono. Ilikuwa saa nane, jua kali, na Bibi hutokwa jasho. Baada ya saa moja alirudi. Kulikuwa na mstari mweusi kutoka kwenye paji la uso, ukapita puani, ukashuka mpaka kidevuni, umenyooka kama umepigwa rula.

"Watu njia nzima wamenisalimia kwa furaha," alisema Bibi. "Nimefika nyumbani, mjukuu wangu amecheka mpaka tumeogopa uchungu utaanza."

Mwanga haukuwa umepita. Wino ndio uliopita. Ikabidi Shemeji akwangue yote upya, na miezi minane ilikuwa inakaribia kuwa tisa.

Jaribio la pili alilifanya kwa siri, na Shemeji akifanya kitu kwa siri mtaa mzima unajua, kwa sababu anatembea upandeupande. Alirudi na kifurushi cha mahameli nyeusi, nene, yenye manyoya mafupi yaliyosongamana. Niliishika nikameza mate. Nimeshona miaka mingi na sijawahi kupata mahameli ya namna ile.

"Umeitoa wapi hii?"

"Kwa seremala."

"Seremala gani mwenye mahameli?"

Akatazama dari. Nikajua ni seremala yupi. Ni yule wa kona ya pili, anayetengeneza majeneza, na hivyo vilikuwa vipande vya kutandikia ndani. Shemeji alinieleza kwamba alipomuuliza seremala kama kitambaa kinazuia mwanga, seremala alifikiri sana, akasema tangu aanze kazi hajapata mteja aliyelalamika.

Ilibana vizuri. Kipande cha karatasi kilitoka cheupe pe. Dada aliletewa akione, akakigeuza huku na huku, akatoa pumzi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili alimwekea mumewe sukari kwenye chai. Ingeishia hapo kama Shemeji angekuwa mtu wa kunyamaza. Lakini Bibi alipokuja, akapapasa zile kingo kwa kidole, akauliza, kwa kusifia tu, kitambaa kizuri hivi kimetoka wapi. Na Shemeji ana kilema kimoja: hajui kudanganya kuhusu vifaa.

Bibi aliirudisha kamera mezani polepole.

"Fundi, kamera hii imepokea watoto. Siwezi kuivalisha nguo ya maiti halafu nimwelekezee kitukuu changu. Toa."

"Bibi, ni kitambaa tu. Hakijatumika."

"Na kingekuwa kimetumika ungekipataje? Toa."

Alitoa. Dada naye akasikia, na sukari ikakatika. Jirani alikuja akauliza kwa upole kama anaweza kupigilia misumari miwili mitatu ya kuanzia. Nilimwambia akipigilia nitashona mlango mzima ufungike. Sijui ningeshonaje mlango, lakini aliondoka.

Jumapili ile alikuja mkwe wetu, mume wa binti yao mkubwa. Kijana huyu anafanya kazi ofisini, ni mtulivu mno, akiongea na Shemeji anainamisha kichwa mpaka unaona kisogo chake. Alikuwa na kazi ya kumalizia, akaomba radhi, akafungua kompyuta yake kwenye meza ya kulia. Kando yake akatandika kile kipande cheusi cha mpira laini cha kusugulia kipanya.

Shemeji alikuwa anakula. Kijiko kikasimama njiani. Akanyoosha kidole kimoja, akakiminya kile kipande pembeni. Kikabonyea, kikarudi. Akakiminya tena. Mkwe akasogeza kipanya kumpisha. Baada ya dakika tano Shemeji alikuwa amekiinua nusu, anakinusa, na mkwe anaandika huku kipanya kakishika hewani.

"Baba, unapenda kompyuta?" aliuliza mkwe kwa heshima.

Kumwomba mkwe kitu chake, tena mbele ya chakula, ni aibu ambayo hata Shemeji anaiogopa. Nilimwona anapambana nayo.

"Sana," akasema.

Dada alidondosha kijiko. Mkwe akafurahi mpaka akainua kichwa. Siku ya Jumatano alirudi na kompyuta nzima ya zamani kutoka ofisini kwao, nyaya zake, kipanya, na kipande kipya cha mpira kikiwa bado ndani ya nailoni. Dada alitangaza mtaa mzima kwamba mumewe ameamka, amekubali dunia mpya. Aliifunika kompyuta kwa kitambaa cha kufuma. Shemeji alimshukuru mkwe kwa mikono miwili, akauliza kama kule ofisini vipande vya mpira vimebaki vingi, akaingia stoo na kile chake.

Mkwe alipokuja Ijumaa kumpa somo la kwanza, alikuta kipanya kimelala juu ya daftari langu la vipimo.

"Baba, kile cha chini kiko wapi?"

Shemeji alinyoosha kidole kwenye kamera ya Bibi Mkunga. Mkwe aliangalia kamera, akaangalia kompyuta, akamtazama Dada aliyekuwa ameziba mdomo kwa upande wa kanga. Sijui ni malezi ya wapi yale.

"Sawa, Baba," alisema. "Basi tuanze kwa kuiwasha."

Ule mpira ulikuwa na unene mara mbili ya unaotakiwa. Shemeji aliupasua unene wake kwa wembe, ukanda baada ya ukanda, siku mbili mfululizo, akishikilia pumzi. Kwa siku hizo mbili alinikataza kushona, eti cherehani inatikisa sakafu. Nilikaa na gauni la mtu mapajani nikimtazama kwa hasira, na pamoja na hasira zangu sikuweza kutazama pengine. Kanda nne za kwanza zilikatika. Ya tano ilitoka nyembamba, sawasawa mwanzo hadi mwisho, na alipoibandika na kuufunga mlango, ulijifunga kwa sauti ndogo nzito ambayo hata mimi niliielewa. Karatasi aliiacha juani kutwa nzima badala ya asubuhi tu. Ilitoka nyeupe vilevile. Aliibusu, ikiwa bado na dawa, akasukutua mdomo mpaka jioni.

Bibi aliuliza mara tatu kitu kile kimetoka wapi. Alipoambiwa kimetoka ofisini, akasema ofisi haina kosa. Aliichukua, akatia filamu yake kwa mikono yake, na siku tano baadaye tukasikia mjukuu amejifungua mtoto wa kike.

Wiki ile Shemeji hakula vizuri. Dada naye nilimkuta amesimama dirishani anautazama ukuta, na sikujua anawaza vifuniko au anawaza mume.

Bibi alikuja Jumanne asubuhi, amependeza, kamera shingoni. Mlango ulikuwa wazi na jua limejaa chumbani. Aliivua kamera akaiweka mezani, akaanza salamu, maana Bibi ni mtu wa salamu ndefu. Alikuwa ndiyo kwanza ameniuliza habari za mgongo. Nikaona mkono wa Shemeji unaichukua kamera, unaigeuza, kidole gumba kinavuta kitasa. Mlango ukafunguka.

"Tazama," alisema Shemeji, uso umemnawiri. "Haijabanduka hata pembe moja."

Kisha akaiona filamu, imelala mle ndani, inang'aa kwenye jua.

Akafunga. Kwa nje tulisikia mtu anapita na mkokoteni, ukapita wote mpaka ukaisha.

"Umefungua," alisema Bibi.

"Nimefungua."

"Na nilikuwa nakuja kukuambia, kile cha kurudishia filamu kwenye mkebe wake ni kigumu, vidole vyangu havina nguvu, unisaidie."

"Ndiyo, Bibi."

Bibi akaketi kwenye kiti changu. Nilitaka kumpiga Shemeji kwa rula ya mti, na nilitaka kulia, vyote kwa wakati mmoja. Alikuwa amekuwa wa kijivu. Aliinuka na kamera ameishika kama yai, akaingia stoo, akafunga. Dada alikuja na chai, akaona sura zetu, akauliza kuna nini, Bibi akamweleza kwa maneno matatu. Dada akakaa chini, sakafuni, pale penye mstari wangu.

Shemeji alichelewa kutoka. Alipotoka alikuwa na sinia, na ndani ya sinia picha mbili zinazodondosha maji. Alieleza akitazama miguu yake. Filamu hujiviringisha yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo mwanga umekula mizunguko ya juu, ya chini yake imejificha chini ya wenzake. Picha zilikuwa ishirini na tisa. Zimebaki sita nzima na nusu ya saba. Mashangazi wote wamekwenda. Wajomba wamekwenda. Yule jamaa aliyevaa suti kwa ajili ya picha amekwenda na suti yake.

Ya kwanza kwenye sinia ilikuwa mtoto. Ana dakika chache duniani, mdomo wazi, ngumi moja sikioni, na kidole cha mama yake kimeingia ndani ya ile ngumi nyingine. Kila kitu kilionekana, mpaka unyevu wa nywele. Ya pili ndiyo ile nusu. Nesi alikuwa ameichukua kamera akampiga Bibi amembeba mtoto. Mwanga ulikuwa umeingia kutoka juu: kichwa cha Bibi hakipo, mabega hayapo, ni weupe mtupu. Chini yake kuna mikono miwili mikubwa, na mtoto amelala ndani yake.

Bibi aliitazama hiyo ya pili muda mrefu kuliko ile nzuri.

"Hii nitaiweka ukutani," alisema. "Watoto wote wale, ni mikono tu waliyoijua. Sura yangu nani aliikumbuka." Akafuta macho kwa kiganja na hakujificha.

Dada aliinuka, akavaa miwani yake ya kusomea, akamwomba mumewe ile filamu yenyewe. Akaiinua dirishani. Miaka thelathini na moja ya kusikia habari za mistari myeupe, naye ameshakuwa fundi nusu bila kutaka. Aliipitia picha moja moja kwa kidole, ukingo wa juu, ukingo wa chini.

"Mlango haukuvuja," alisema.

Shemeji hakuinua macho.

"Nakwambia haukuvuja. Mwanga haukupenya, umeukaribisha mwenyewe. Mimi nilisema ikivuja kamera. Fundi hatukumweka kwenye maneno."

"Itoeni tu hiyo meza," alisema Shemeji. "Fundi anayefungua kamera yenye filamu, huyo ni wa kazi gani? Bibi alikuwa na moja. Moja tu."

Sijawahi kumwona dada yangu akimshika mumewe mbele ya watu. Alimshika bega, akaliacha, akarudi kukunja filamu kwa uangalifu kama alivyomwona akifanya yeye. "Meza inakaa," akasema. "Jirani nitamwambia mimi."

Bibi Mkunga aliivuta kamera kutoka pale ilipowekwa, akaisukuma mbele ya Shemeji.

"Mimi niliwahi kumwambia baba mmoja amepata dume, kumbe sikuangalia vizuri. Alishaita ndugu wote. Nililia chooni, kesho yake nikaingia zamu," alisema. "Nina mjukuu mwingine, ana mimba ya miezi minne. Una miezi mitano ya kunitafutia filamu. Na hicho cha kurudishia, kilegeze, ni kigumu."

Shemeji alipangusa mikono kwenye suruali. Akaichukua kamera, akaigeuza mgongo, na kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye kitasa. Sote watatu tuliacha kupumua. Kidole kikasimama.

"Bibi," akauliza, kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyomfahamu, "habari za nyumbani? Na humu ndani kuna filamu?"

"Nyumbani salama," alisema Bibi. "Na humo hamna kitu. Fungua."